Kabla ya Kulipia Lee-Enfield ya .22, Chungulia Mtutu

Msomaji aliyeko Uingereza anauliza kama anunue Lee-Enfield No. 2 Mk IV*, bunduki ya zamani ya mazoezi ya jeshi la Uingereza, aliyoiona dukani. Amesifia sana mbao zake na mihuri ya jeshi. Namwambia aache mbao, atazame mtutu.

Asili yake ni bunduki ya risasi ya .303 (namba hizi ni kipenyo kwa inchi), yenye kichwa cha gramu 11 hivi. Jeshi liliigeuza ifyatue .22 Long Rifle, gramu 2.6 tu, ili kuruta azoee silaha ileile kwa risasi za bei nafuu. Baadhi zilipewa mtutu mpya mzima. Nyingine, kwa mtindo wa Parker-Hale wa Birmingham, mtutu wa zamani ulipanuliwa kwa ndani, ukaingizwa mrija wenye mifereji ya kuizungusha risasi na kulehemiwa. Hapo ndipo pesa hupotea.

Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, chomoa bolti, chuma kinachoifunga nyuma, kisha pitisha kitambaa kikavu. Usikubali kuonyeshwa mtutu uliopakwa mafuta, maana mafuta hung'arisha hata vishimo. Fataki za zamani, yaani viwashio vya baruti ndani ya risasi, ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na mtutu ambao haukusafishwa siku ileile uliliwa na kutu. Kwenye mdomo wa mtutu, tazama duara la lehemu: likiwa na ufa, au mrija ukiwa umesogea, ondoka.

Halafu bolti. Ganda la .303 hupigwa katikati, la .22 hupigwa ukingoni, kwa hiyo kichwa cha bolti lazima kiwe cha .22. Omba ganda lililofyatuliwa na bunduki hiyohiyo. Alama ya pini iwe ukingoni na iwe nzito. Ikiwa hafifu, huenda springi imechoka au pini imelika. Ukingo ukiwa umevimba au kupasuka, isifyatuliwe tena mpaka fundi bunduki aipime. Magazini tupu si kasoro: hupokea maganda tu, risasi hutiwa moja moja kwa mkono.

Ukiruhusiwa kuijaribu, piga tano kwa yadi 25 ukiwa umeiegemeza. Tundu la mviringo kwenye karatasi ya shabaha ni salama. Tundu refu, kana kwamba risasi ilipita ubavu, ni dalili ya mifereji iliyokwisha. Na usiifyatue bila risasi, kwani pini itagonga ukingo wa chemba, na kovu lake litakwamisha maganda.

Tafuta pia muhuri wa nyumba ya ukaguzi wa silaha ya London au Birmingham, na uwe na cheti cha polisi cha kumiliki bunduki kabla ya kuichukua. Uzee wa bunduki hii hauiondoi chini ya sheria.