Kidonda hakifungi? Anza na sukari, si na dawa ya kupaka

Mtu mwenye afya akiungua kidogo kwa ekzosi ya bodaboda, kidonda huanza kusinyaa ndani ya wiki mbili. Kikifika wiki ya tatu kiko vilevile, kingo zimekakamaa na katikati pamepauka, acha kubadilisha dawa za kupaka. Nenda kapime sukari.

Insulini, inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli, ndiyo homoni tunayoihofia kuliko zote. Ikipungua au mwili ukiikataa, sukari hubaki kwenye damu, na chembe nyeupe za damu huwa nzito kukabili vijidudu. Halafu kuna mtego: kidonda chenyewe hupandisha sukari. Mwili ukiumia humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko, na zote mbili hupinga insulini. Kwa hiyo kama tayari una kisukari, vidonge vilivyokutosha mwezi uliopita huenda leo havitoshi. Pima kabla ya chai ya asubuhi na saa mbili baada ya kula, andika kwenye daftari, nenda nalo kliniki. Wengi hufanya kinyume: hamu ya kula ikikata, wanaacha insulini kabisa. Usiiache. Wasiliana na kliniki wakurekebishie dozi.

Chunga pia joto. Januari na Februari, Moshi mjini panachoma. Insulini isiyofunguliwa hutunzwa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa aina nyingi hudumu kama siku 28 nje ya friji, mahali penye ubaridi. Asiye na friji aweke chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Ikiganda barafu, tupa.

Kotisoli ina ndugu zake madukani: dawa kama prednisoloni, deksamethazoni na baadhi ya krimu za kujichubua. Hizi huzuia seli kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshika ngozi, hadi ngozi inakuwa kama ganda la kitunguu. Bandeji ikibanduliwa inaondoka nayo. Ndiyo maana muuguzi anauliza, "Mama, usoni unapaka nini?" Mjibu ukweli, mletee na makopo. Ila aliyemeza prednisoloni zaidi ya wiki tatu asikatishe ghafla. Tezi zake za juu ya figo zimelala, presha inaweza kushuka hadi kuua. Daktari hupunguza kidogo kidogo.

Hofu na uchovu navyo hupandisha kotisoli. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitoboa tundu dogo kwenye ngozi za watu wanaouguza ndugu waliopoteza kumbukumbu. Matundu yao yalichelewa kupona kwa siku 9 hivi kuliko ya wenzao. Anayeuguza mgonjwa nyumbani naye apokelewe zamu, alale.

Baada ya kukoma hedhi, estrojeni, homoni ya kike, hupungua na ngozi hupona polepole zaidi. Bibi apewe muda na mayai, maharage, dagaa, maziwa. Mtori wa ndizi tupu haujengi nyama.

Kusafisha: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, basi. Spiriti huua seli changa pamoja na vijidudu.

Na baridi ya Julai, Arusha, mwenye kisukari asiote miguu kwenye jiko la mkaa. Mishipa ya fahamu ikishakufa ganzi, nyama inaungua na yeye anaendelea kupiga soga. Avae soksi. Kila jioni avue viatu vyote viwili, hata kama kidonda kiko mguu mmoja, atazame nyayo kwa kioo na katikati ya vidole. Pakiwa peusi, pananuka au homa imepanda, aende hospitali usiku huohuo.