Maswali ya wasomaji: Boti ya plaiwudi ya kujitengenezea nyumbani

Wahariri, salaam. Nataka boti ndogo ya kuvulia kwenye Bwawa la Mtera. Fundi mmoja ameniambia ninunue marini bodi kuukuu za kumwagia zege, zile nyeusi za milimita 18, kwa kuwa ni nene na hazipitishi maji. Ni ushauri mzuri?
*Msomaji, Mpwapwa*

Hapana, ndugu yetu, japo kwa ujenzi ulivyo mwingi Dodoma bodi hizo utazipata kwa bei ya kutupa. Ile ngozi nyeusi imewekwa ili zege lisinate kwenye bodi, na kama zege halinati, gundi yako nayo haitanata. Itabidi uipige msasa yote mpaka mbao ionekane. Halafu kuna uzito: karatasi moja ya futi 4 kwa 8 yenye milimita 18 hufika kama kilo 30, ilhali ya milimita 6 haizidi sana kilo 10. Bodi ya 18 pia haikubali kupinda. Ukiilazimisha, itavunjika au itazing'oa skrubu.

Nunua plaiwudi ya kawaida ya milimita 6, karatasi mbili, ila ipime kwanza. Omba kipande chenye ukubwa wa kiganja, kichemshe saa moja, kikaushe kabisa juani, kisha ukichemshe tena. Matabaka yakiachana, gundi yake ni ya fanicha za ndani, kwa hiyo iache dukani. Yakishikana, tazama ubavu wa karatasi: usiwe na matundu baina ya matabaka, kwani tundu ni njia ya maji na ndipo mbao hukatikia. Bei kubwa peke yake si ushahidi. Maji ya moto hayamwangalii mtu usoni.

Naomba vipimo vya boti rahisi kabisa, ya watu wawili, isiyohitaji kuunga karatasi. Niko Hombolo, nina msumeno, drili na randa tu.

Vinatosha. Tengeneza boti ya umbo la sanduku, mbavu (kuta za pembeni) zikiwa wima na sakafu ikiinuka mbele na nyuma. Karatasi ya kwanza itoe mbavu mbili za sentimita 236 kwa 40, na kipande kinachobaki kitoe ubao wa omo (mbele) na ubao wa shetri (nyuma). Ya pili itoe sakafu yenye upana wa sentimita 92. Boti yenyewe itakuwa na upana wa 90. Hizo mbili za ziada utazila kwa randa mwishoni.

Ubavu una kimo cha sentimita 40 katikati, 20 omo, na 30 shetri. Makali ya juu yabaki yamenyooka. Ya chini yaache sawa kwa sentimita 120 za katikati, kisha yapande taratibu kuelekea ncha zote mbili. Mchoro wa mpindo huo usiupige kwa macho: pigilia misumari kwenye alama zako, pindisha ufito mwembamba juu yake, fuata ufito kwa penseli. Funga mbavu zote mbili pamoja uzikate kwa mara moja. Zikipishana hata sentimita moja, boti itakuwa na msokoto na kila siku itakuvuta upande mmoja.

Sasa toboa matundu ya milimita 2 kando ya makali, umbali wa sentimita 15 kutoka tundu hadi tundu, na ushone vipande kwa waya wa kufungia nondo, ukikaza kwa koleo upande wa nje. Kabla ya tone lolote la gundi, pima kona kwa kona, omo kulia hadi shetri kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwe sawa. Hapa bado unaweza kulegeza waya. Gundi ikishakauka, huwezi tena.

Kona za ndani zijaze epoksi (gundi inayoganda ikichanganywa na hadena, dawa yake ya kuigandisha) iliyokorogwa na unga laini wa mbao, uliochekechwa, mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Ilainishe kwa mgongo wa kijiko na ulaze juu yake ukanda wa kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) wenye upana wa sentimita 7 au 8. Ikikauka, kata waya, zungusha kona za nje kwa randa, weka ukanda mwingine nje. Kwa boti nzima tenga kama mita 15 za ukanda na kilo 4 hadi 5 za epoksi pamoja na hadena yake. Mdomo wa juu uzungushie mbao ya inchi 1 kwa 2. Viti viwili vya ubao wa inchi moja vishike mbavu zisitanuke.

Boti tupu itakuwa na uzito wa kama kilo 35. Ikibeba watu wawili na nyavu itazama takriban sentimita 13. Mtu wa tatu abaki ufukweni.

Epoksi yangu ilichemka kwenye kikopo ikatoa moshi, na niliyopaka jana imejaa mapovu. Nimeuziwa feki?

Huenda si feki. Epoksi inapokauka hutoa joto, na ikilundikana kikopo kizima joto hilo halina pa kutokea, hasa kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba. Changanya kidogo kidogo, gramu 100 au 150, na uimwage kwenye sahani pana.

Mapovu yanatoka ndani ya mbao. Ukipaka asubuhi, jua likipanda hewa iliyomo ndani hutanuka na kusukuma gundi. Paka alasiri jua likishuka, nayo mbao itainywa. Wala usiongeze hadena ukidhani itakauka haraka. Hiyo ni tabia ya resini ya poliesta. Epoksi yenye hadena iliyozidi hubaki laini daima.

Je, resini ya poliesta, ile ya matangi, haifai? Ni rahisi zaidi.

Kwa kona za plaiwudi, hapana. Haiing'ang'anii mbao, na unyevu ukipenya hubanduka kama ganda. Kama epoksi imekushinda bei, afadhali weka mbao ya inchi 2 kwa 2 kwenye kila kona kwa ndani, gundi ya mbao isiyopitisha maji, na skrubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu kila sentimita 8. Boti itakuwa nzito kidogo, lakini itadumu.

Boti yetu ya mwaka jana inavimba rangi pembeni, karibu na mdomo, ingawa chini ni nzima. Kwa nini juu?

Makali ya plaiwudi hunywa maji kuliko uso wake mara nyingi, na mvua huingia hapo. Kwangua mpaka mbao safi, ianike kivulini wiki moja au mbili, kisha makali yapake epoksi mara tatu. Juu yake lazima rangi ya mafuta, tena nyeupe, kwa sababu jua huiua epoksi iliyo wazi.

Naweza kufunga injini ndogo? Na Mtera kuna hatari gani?

Injini usifunge. Ubao wa shetri wa milimita 6 hauimudu, na boti ya mita 2.4 itainua omo. Makasia yatosha.

Mtera ina viboko na mamba, hivyo kaa mbali na majani marefu, na upepo wa mchana ukianza kuinua mawimbi rudi ufukweni. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, si kulikalia. Chini ya viti funga madumu matupu manne ya lita 20, vifuniko vimekazwa: kila moja hushikilia kama kilo 19 boti ikijaa maji. Kabla ya kuvua, muone ofisa uvuvi wa wilaya, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inadai leseni.

Nitaisafirishaje kwa guta?

Ipindue, mdomo chini, juu ya magunia. Kamba ikipita kwenye kona, weka kipande cha mpira wa tairi chini yake, la sivyo itasugua faiba njia nzima.