Maswali ya Kompyuta: Data ikae ndani ya faili au nje?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nasimamia maktaba ndogo ya kujitolea. Orodha za vitabu, wasomaji na walioazima zote ziko kwenye Calc, lahajedwali ya LibreOffice, na sasa zimenishinda: msomaji mmoja ana majina matatu, kitabu kimoja kinaonekana kiko kwa watu wawili. Nataka kuhamia Base, programu ya hifadhidata ya LibreOffice, lakini hatua ya kwanza tu inaniuliza aina ya hifadhidata. Nasikia HSQLDB, Firebird, MariaDB, PostgreSQL. Rafiki yangu anang'ang'ania SQLite. Waandikaji tuko watatu, kompyuta mbili, na mara nyingi tunaandika kwa wakati mmoja. Nichukue ipi? – Mtunza vitabu

JIBU: Marahaba. Nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe: "kwa wakati mmoja". Chukua PostgreSQL.

Nieleze kwa nini, maana rafiki yako hatakubali kirahisi. Base yenyewe ni dirisha tu. Fomu, ripoti na hoja zako za kutafuta data hukaa kwenye faili la Base lenye kiishio cha .odb, lakini vitabu na wasomaji wanaweza kukaa kwingine kabisa. Ukiacha Base ichague, itakupa HSQLDB iliyopachikwa ndani ya faili hilohilo, mtindo ulioanza na OpenOffice.org 2.0 mwaka 2005. Toleo lililomo bado ni la ukoo wa 1.8, ingawa HSQLDB yenyewe ilishavuka kwenda 2 zamani. Na faili la .odb, ukilichungulia, ni kifurushi cha zip. Ukilifungua, data hutolewa nje ya kifurushi; ukihifadhi na kufunga, hurudishwa ndani. Kompyuta ikizimika kabla data haijarudi, ulichoandika kinaweza kupotea. Kwa kujifunzia haina ubaya. Kwa kumbukumbu za nani ana kitabu gani, mimi siiwekei dhamana.

Na hata umeme ungekuwa wa uhakika, bado mko watatu. Mkiweka .odb ya namna hiyo kwenye folda ya pamoja, wa kwanza kufungua ndiye mwandishi. Wa pili atabaki kusoma tu.

Firebird iliyopachikwa ilikuja na LibreOffice 4.2 mwaka 2014, na nia ilikuwa ichukue nafasi ya HSQLDB. Mpaka leo inahesabiwa kuwa ya majaribio. Firebird kama seva, yaani programu inayohudumia kompyuta nyingi, ni chombo imara, kina asili ya InterBase, hifadhidata ambayo Borland waliifungulia msimbo mwaka 2000, sina neno nayo. Ila ikipachikwa ndani ya .odb inarithi shida ileile ya kifurushi.

Sasa SQLite. Naipenda, na ingekuwa wewe peke yako kwenye kompyuta moja ningekwambia umsikilize rafiki yako: faili moja, hakuna seva, kunakili ni kunakili faili. Lakini haijaundwa kuandikiwa na kompyuta kadhaa kupitia folda ya mtandao. Ufungaji wa faili kwenye folda hizo hauaminiki. Tena Base itakudai draiva ya ODBC, programu ndogo ya kuiunganisha na hifadhidata, na kwenye Windows draiva ya biti 32 haionani na LibreOffice ya biti 64. Kuna na hili linalokuhusu moja kwa moja: SQLite kwa kawaida haisimamii uhusiano kati ya majedwali mpaka uiamuru kwa amri ya PRAGMA foreign_keys, kila inapounganishwa. Usipoiamuru, mtu atamfuta msomaji mwenye vitabu vitatu mkononi na hakuna atakayemzuia.

MariaDB, iliyochipuka kutoka MySQL mwaka 2009, ingewafaa pia. Kama mwenzenu mmoja anaijua vizuri, ichukueni na msinisikilize. Mimi naegemea PostgreSQL kwa sababu ni kali: tarehe ya 31 Februari inaikataa papo hapo, na ukishaweka uhusiano, msomaji mwenye deni la kitabu hafutiki. Draiva yake imo ndani ya LibreOffice tangu toleo la 3.5, la 2012. Huhitaji ODBC wala Java.

Isakinishe kwenye kompyuta moja ambayo haizimwi ovyo, mpe kila mwandikaji jina lake na nywila yake, kisha ruhusu ile kompyuta ya pili iunganike. Mlango (port) wa kawaida wa kuunganishia ni 5432. Majina ya majedwali andika kwa herufi ndogo bila nafasi: vitabu, wasomaji, maazimo. Ukiandika "Wasomaji" kwa herufi kubwa utalazimika kulifunga jina hilo kwa alama za nukuu katika kila amri ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na siku moja utasahau. Data ya Calc ihamishe kwa kunakili safu na kubandika kwenye sehemu ya majedwali ya Base. Msaidizi atatokea na kukuuliza kuhusu ufunguo wa msingi, yaani safuwima inayotambulisha kila mstari peke yake. Usimpuuze. Jedwali lisilo na ufunguo wa msingi, Base italionyesha lakini haitakuruhusu kulihariri, na watu hudhani programu imeharibika. Yale majina matatu ya mtu mmoja yasafishe ukiwa bado Calc.

Nakala rudufu ni kwa pg_dump, chombo cha PostgreSQL cha kutoa nakala ya data, kila jioni, iwekwe kwenye diski nyingine. Faili la .odb nalo linakili kila unapobadilisha fomu, kwani pg_dump haligusi.

SWALI: Fundi, kwa nini Base inanidai Java wakati Writer haijawahi kunidai? – Msomaji

JIBU: Kwa sababu faili lako linatumia HSQLDB iliyopachikwa, na HSQLDB imeandikwa kwa Java. Sakinisha Java ya biti zilezile za LibreOffice yako, kisha uichague kwenye mipangilio, sehemu ya ziada. Ukiulizwa kama ungependa faili lihamishiwe Firebird, kataa kwanza, tengeneza nakala, halafu jaribu uhamisho kwenye nakala na ukague tarehe na hesabu za desimali, mstari kwa mstari.