Maswali ya Wasomaji: Mzigo Mdogo, Mpaka wa Horohoro

Barua za safari hii zimetoka Muheza, Ngamiani, Handeni, Pangani na Bagamoyo. Wanaouliza ni wenye mitaji midogo, na karibu wote wameambiwa mambo ya mpakani na dereva au na mwenzao wa sokoni. Tumefupisha barua, majibu tumeyaacha na urefu wake.

Ndugu wahariri, salaam. Nanunua machungwa Muheza na kumpelekea mteja wangu Ukunda, Kenya. Nilishaambiwa mzigo wa chini ya dola 2,000 haulipiwi kitu wala hauulizwi karatasi. Mzigo wa mwisho dereva alizuiwa kutwa nzima mpaka machungwa ya chini yakapata joto. Ukweli ni upi, au bora nipitie njia za panya?
*Mchuuzi wa machungwa, Muheza*

Kaka, aliyekuambia alikupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyomzuia dereva wako.

Utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unakuondolea mambo mawili: ushuru wa forodha, na ulazima wa kuajiri wakala wa forodha. Badala ya hati ndefu ya forodha unajaza cheti cha uasili kilichorahisishwa, na ofisa wa forodha wa nchi bidhaa inakotoka (kwako ni TRA, Mamlaka ya Mapato) anakigonga muhuri palepale kituoni. Masharti yake ni kwamba mzigo uwe umezalishwa ndani ya nchi za Jumuiya, usizidi dola 2,000, na bidhaa iwe kwenye orodha ya pamoja ya nchi zinazopakana. Lakini utaratibu huo haugusi afya ya mimea, haugusi viwango vya ubora, wala haugusi kodi za ndani za nchi unakoingia. Chungwa ni mmea, kwa hiyo linaulizwa karatasi hata likiwa kapu moja.

Fuata mpangilio huu, na usiupindue. Kwanza mteja wako wa Ukunda aombe KEPHIS, mamlaka ya afya ya mimea ya Kenya, kibali cha kuingiza mazao ya mimea. Kibali hicho ndicho kinachotaja Kenya inataka machungwa yakaguliwe nini. Akutumie nakala. Pili, ipeleke nakala hiyo kwa TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea, wakague mzigo na kukupa cheti cha afya ya mimea kinachojibu masharti yale. Tatu ndiyo cheti cha uasili mpakani. Wengi huanza na la pili kwa sababu ofisi iko karibu, halafu cheti kinafika Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, kikiwa hakitaji sharti lililoandikwa kwenye kibali. Hapo gari hulala.

Mzigo wenyewe nao husababisha mambo. Wachumaji wengine hunyofoa tunda pamoja na kikonyo na majani mawili matatu ili lionekane bichi. Majani ndiyo yanayobeba wadudu wa michungwa, na mkaguzi akiyaona ana haki ya kuzuia gari zima. Kata kikonyo kwa mkasi, karibu na tunda. Yaliyookotwa chini ya mti yenye udongo yauze hapahapa. Yenye tundu la nzi wa matunda yatoe kabla hujapakia, maana moja likikatwa mbele ya mkaguzi na funza akaonekana, hakuna maneno yatakayokusaidia.

Thamani nayo ipige hesabu mapema. Tuchukulie dola moja ni shilingi 2,500, kwa urahisi wa hesabu tu. Ukomo unakuwa shilingi 5,000,000. Machungwa 20,000 kwa shilingi 100 kila moja ni 2,000,000, yaani dola 800, uko salama. Machungwa 60,000 kwa bei hiyo ni dola 2,400, umeshatoka kwenye utaratibu rahisi na unahitaji wakala wa forodha na hati kamili. Usifike ukingoni kabisa, kwa sababu forodha wana kiwango chao cha kubadilisha fedha, na risiti yako wakiitilia shaka watakadiria wenyewe. Kugawa mzigo wa mtu mmoja kwa majina ya shemeji na binamu ni udanganyifu, na maofisa wanaujua tangu zamani. Ila wachuuzi watatu wa kweli waliochanga gari moja, kila mmoja ajaze cheti chake, awe na risiti ya manunuzi yake, na magunia yake ayapake alama yake.

Jambo la mwisho, na ndilo lililo rahisi kurekebisha. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha huduma kwa pamoja. Anayetoka Tanzania hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Kenya, na anayerudi hukaguliwa upande wetu. Dereva anayeegesha Horohoro akisubiri muhuri wa kutoka anasubiri mahali sipo. Na gari lenyewe liwe na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka, kwa sababu bima ya kawaida ya Tanzania inaishia mpakani.

Kuhusu njia za panya, ulizozitaja mwishoni mwa barua: mzigo ambao ungepita kituoni bila ushuru, ukipitishwa porini unageuka magendo. Unaweza kutaifishwa, na chombo kilichoubeba pia. Sioni faida yake hata kwa hesabu ya mfanyabiashara mkavu.

Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunatengeneza sabuni za mwani. Mafuta ya nazi ni yetu, kostiki na manukato tunanunua dukani, vinatoka nje. Je, sabuni yetu ni bidhaa ya Afrika Mashariki?
*Kikundi cha sabuni, Bagamoyo*

Kwa maelezo yenu, inaelekea ndiyo, lakini ithibitisheni kwa hesabu iliyoandikwa.

Kanuni za uasili za Jumuiya za mwaka 2015 zinatambua aina mbili za bidhaa: iliyopatikana yote hapa, kama mwani mbichi au nazi, na iliyotengenezwa kwa malighafi za nje lakini ikafanyiwa kazi ya kutosha. Sharti la kila bidhaa limepangwa kwa namba yake ya HS, yaani namba ya kimataifa ya forodha ya kutambulisha bidhaa. Sabuni iko 3401. Sharti linalojirudia kwenye bidhaa nyingi za viwandani ni kwamba thamani ya malighafi za nje isizidi asilimia 70 ya bei ya kutokea kiwandani. Malighafi ya nchi nyingine ya Jumuiya haihesabiwi kuwa ya nje, mradi muwe na ushahidi wa ilikotoka.

Chukueni kipande kinachotoka kwenu kwa shilingi 2,500. Kostiki 150, manukato 300, boksi la karatasi ya nje 250. Jumla 700, ambayo ni asilimia 28. Mko mbali na ukomo. Sasa tuseme nazi imeadimika, mkatumia mafuta ya mawese yaliyotoka Malaysia, shilingi 600 kwa kipande. Jumla inakuwa 1,300, asilimia 52, bado mnapita. Lakini mnunuzi akiwabana mkashusha bei hadi 1,700, zile 1,300 zinakuwa zaidi ya asilimia 76, na sabuni ileile imepoteza uasili wake. Ndiyo maana bei ya kutupa inaweza kuwatia kwenye ushuru. Tunzeni risiti za kila malighafi kwenye faili moja kwa kila upishi mmoja wa sabuni. Kununua sabuni ya mche kutoka nje, kuikata na kuifunga upya hakuhesabiki kuwa kazi ya kutosha, hata lebo ikiwa nzuri namna gani.

Halafu ubora. Alama ya TBS, Shirika la Viwango, ndiyo itakayowafungulia mlango, kwa kuwa sheria ya Jumuiya ya viwango ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama kutambua alama za wenzao, ili bidhaa isipimwe upya kila mpaka. Anzeni SIDO, shirika la viwanda vidogo. Barua yao ya utambulisho huwawezesha wajasiriamali wadogo kupata huduma ya TBS kwa nafuu miaka ya mwanzo.

Lebo iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na mahali ilikotengenezwa. Uzito ndio unaowaangusha watengenezaji wa sabuni za mkono. Kipande kilichokatwa leo kikiwa na gramu 100 kitakuwa kimepungua baada ya wiki nne hadi sita za kukauka, maana maji yanatoka. Mkiandika gramu 100 kwa kupima siku ya kukata, mnauza uzito pungufu. Pimeni iliyokwisha kukauka, ndipo mchapishe lebo.

Nachukua vyombo vya plastiki na vya bati Mombasa nauza Ngamiani. Mwenye duka huniambia ushuru kishalipa bandarini kwao. Mbona hapa natozwa tena?
*Muuza vyombo, Tanga mjini*

Kwa sababu kulipiwa ushuru Mombasa hakuigeuzi sufuria ya China kuwa ya Kenya. Ikiingia Tanzania inahesabiwa ni ya nje.

Viwango vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazotengenezwa kwa wingi ndani ya Jumuiya. Mzigo wa shilingi 1,000,000 pamoja na usafiri, wenye kiwango cha 25, unalipa ushuru 250,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, yaani 1,250,000, inakuja 225,000. Hapo ni 475,000 kabla ya tozo nyingine ndogondogo. Kwa kiwango cha 35 ushuru na VAT vinafika 593,000. Beseni lililotengenezwa Kenya, likiwa na cheti cha uasili, halina ushuru. Kinachobaki ni VAT, 180,000.

Kwa hiyo tenganisha tangu dukani: vya Kenya kwenye risiti yake, vya nje kwenye risiti yake. Ukivichanganya utamlazimu ofisa akague boksi moja moja. Dai risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kodi wa Kenya, usikubali kikaratasi cha mkono, maana bila risiti thamani itakadiriwa na mwingine.

Shikamooni. Nina magunia ya mahindi, mnunuzi wa Mombasa ananidai cheti cha sumukuvu. Tangu lini?
*Mkulima, Handeni*

Marahaba. Tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda na siku chache baadaye kuyaruhusu kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Unyevu kwa kiwango cha Afrika Mashariki usizidi asilimia 13.5.

Sumukuvu haienei sawasawa. Hukaa kwa mafungu, ndiyo maana sampuli ya gunia moja lililo mlangoni inadanganya. Choma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya, kisha gawa sampuli ya maabara. Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo. Magunia yapange juu ya chaga, mbali na ukuta. Na pima kabla ya kukodi gari: mahindi yakishaota kuvu, kuyaanika upya kunapunguza unyevu tu, sumu inabaki palepale.

Mifuko ya plastiki ya kubebea je?
*Pangani*

Iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019. Tumia viroba, magunia au mifuko mbadala.

Natuma vikapu vya ukili kwa njia ya posta kwa wateja wa Marekani. Zamani mteja hakulipa kitu, sasa wawili wamekataa kupokea vifurushi. Nifanyeje?
*Msusi, Tanga*

Dada, msamaha uliokuwa unafaidi ulikuwa wa vifurushi visivyozidi dola 800, na Marekani iliusitisha kwa nchi zote tangu Agosti 29, 2025. Ulaya nako, tangu Julai 1, 2021 hakuna tena kifurushi cha biashara kinachosamehewa VAT kwa udogo wake. Wateja wako walikataa kwa sababu walidaiwa hela wasiyoitarajia, si kwa ubaya wa vikapu.

Elewaneni kabla hujafunga kifurushi nani atalipa ushuru, na mwandikie hivyo kwenye ujumbe wa bei. Uliza posta au kampuni ya usafirishaji kama inakusanya ushuru hukuhuku au mteja atadaiwa kwake. Kwenye fomu ya forodha ya posta, CN22 au CN23, usiandike "zawadi" wala "vitu vya mikono". Andika: vikapu viwili vya ukili, vilivyosukwa kwa mkono, vimetengenezwa Tanzania, namba ya HS 4602, uzito, na bei halisi ya kila kimoja. Taarifa hizo hutangulia kwa mtandao kabla ya kifurushi, na zikiwa pungufu kinarudishwa.

Kausha ukili vizuri kabla ya kufunga, na kung'uta ndani ya kikapu. Mdudu mmoja aliyejificha kwenye pindo anatosha kukizuia upande wa pili, na gharama ya kukirudisha huwa juu ya mtumaji.