Anza na Bibi, Usianze na Shetani

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Ijumaa usiku, sebuleni kwa rafiki yangu Kinondoni, tunacheza mchezo wa kuigiza hadithi mezani, mimi nikiwa msimulizi na kila mchezaji akiwa na mhusika wake, karatasi zimetandazwa mezani na dadu zimo kwenye sahani iliyokuwa na kashata. Mchezaji mmoja, dada mmoja, alikuwa amechagua mhusika wake awe mzao wa mashetani, nami nilikuwa nimemwandalia kurasa 11 kuhusu asili ya watu wake: matabaka ya kuzimu, majina ya wafalme wa moto, vita vya miaka elfu. Alizisoma zote. Kisha akaniuliza, "Kaka, kwao mtoto akizaliwa bila pembe, wanafurahi au wanalia?"

Sikuwa na jibu. Nilijua jina la farasi wa mfalme wa tabaka la sita la kuzimu, lakini sikujua mkunga wa watu hawa anasema nini akitoka chumbani. Tulicheza usiku ule, na yule dada akamwendesha mhusika wake kama binadamu wa kawaida aliyevaa pembe, kwa sababu hicho ndicho nilichompa.

Tangu hapo nimeendesha kampeni nyingine tatu, yaani hadithi ndefu zinazochezwa kwa vikao vingi, na katika kila moja nimewaandika upya watu hawa. Kama nawe unaandika asili ya uzao wa shetani kwa ajili ya meza yako, nakusihi uanze na bibi mzaa mama. Shetani mwache akae huko aliko mpaka umalizane na bibi: alikuwa nani, alitaka nini, nani alikuwa amesimama pembeni, na nani alinufaika baada ya yeye kulipa.

Usiogope kwamba unaharibu kitu kilichokwisha kuamuliwa. Katika mchezo wetu, Dungeons & Dragons watu hawa huitwa tiflingi, na waliowabuni wamewabadilisha zaidi ya mara moja. Waliingia mwaka 1994 pamoja na ulimwengu wa Planescape, wakati huo kila mmoja akiwa na kasoro yake ya mwili, na babu gani wa kuzimu alihusika halikuwa jambo la kuulizwa sana. Toleo la nne la mwaka 2008 likawapa historia moja: wakuu wa dola ya Bael Turath walifunga mkataba na mashetani ili waendelee kutawala, na pembe na mkia vikabaki kuwa muhuri wa mkataba ule kwa vizazi vyote. Mwaka 2014 asili yao ikafungamanishwa na Asmodeus, bwana wa Jahanamu Tisa. Sheria za 2024 zikafungua tena mlango, zikaweka urithi wa aina tatu. Kati ya hizo zote mimi napenda ile ya 2008, kwa sababu kosa lilifanyika mezani, kwa mashauriano, na waliolitenda walikuwa na vyeo. Damu peke yake haina hadithi. Mkataba unayo, maana lazima kuna aliyetia sahihi na kuna asiyeulizwa.

Nilipoamua kuanza upya nilirudi kwenye simulizi za kale, na zikanishangaza. Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika miaka ya 1130, anasimulia kwamba Vortigern, mfalme wa Britania ya kale, alijenga mnara, na kila walichojenga mchana kilididimia. Waganga wake wakamwambia atafute kijana asiye na baba, damu yake inyunyizwe kwenye chokaa na mawe, ndipo msingi utakaposhika. Aliyepatikana ni Merlin, yule mchawi wa hadithi za Mfalme Arthur, wakati huo mtoto ambaye mama yake alijiwa na pepo. Mama yake akaletwa mbele ya mfalme aeleze alivyopata mimba. Hebu mtazame mama huyo akisimama pale. Na mtazame mfalme: asili ya mtoto haimwogopeshi, yeye anataka mnara usimame. Merlin aliokoka kwa kuwaonyesha dimbwi la maji lililokuwa chini ya msingi.

Karne kadhaa kabla yake, katikati ya karne ya 6, mwanahistoria Jordanes aliandika kwamba mfalme mmoja wa Wagothi, watu wa Ulaya ya kale, aliwafukuza wanawake wachawi, wakakutana nyikani na pepo wachafu, na hivyo ndivyo kabila la Wahun lilivyozaliwa. Wahun ndio waliokuwa wamewashinda Wagothi. Jordanes mwenyewe alikuwa na asili ya Kigothi. Kwa hiyo habari ya kwamba fulani ni wana wa mashetani tunaisikia kutoka kwa jirani aliyeshindwa vita, na hiyo ni zana nzuri sana kwa mwandishi wa kampeni: ukiambiwa asili ya watu, uliza kwanza nani anasimulia.

Nasi tuna neno letu, na sikulifikiria mpaka mama yangu alipolitamka tukiwa jikoni: kigego. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Zamani walihesabiwa kuwa ni mkosi wa ukoo mzima, na wapo waliotupwa au kuuawa kwa ajili ya meno hayo. Kigego hana babu wa kuzimu. Ana meno, na ana watu wazima wanaotafuta sababu ya balaa lao. Nilipolisikia neno hilo nilizitupa kurasa 11.

Hivi ndivyo nilivyowaandika sasa. Kuna mji wa chumvi uitwao Mkavu. Vizazi kumi nyuma mvua zilikatika misimu saba mfululizo. Wazee wa koo saba wakashuka usiku kwenye shimo la chumvi, wakakubaliana na aliyekuwamo: kisima kisichokauka, na rehani yake watoto. Hawakutoa wa kwao. Waliandika majina ya watoto wa wachimba chumvi. Baada ya miaka arobaini waliowekwa rehani walipanda juu wakiwa watu wazima, wana pembe, na wamebeba watoto wenye pembe. Mji unawaita Warehani. Wenyewe wanajiita Wenye Maji.

Hayo ndiyo yote yaliyo kwenye ukurasa wa kwanza, na hapo shetani hana hata jina. Bibi ndiye mwenye majina: kila nyumba ya Wenye Maji ina bibi anayekumbuka mzee gani wa ukoo gani aliandika jina la mtoto gani. Ukimkalisha mchezaji mbele ya bibi huyo, kazi yako imepungua nusu.

Kisha chukua sheria za mchezo moja baada ya nyingine, kila moja uipe sababu ya kimwili. Sheria zinasema wanaona gizani: walilelewa shimoni. Moto hauwaumizi kama unavyowaumiza wengine: walikesha kwenye matanuri ya kukaushia chumvi. Wakifika ngazi ya tatu wanaweza kumrudishia moto aliyewapiga, na Wenye Maji hukiita kitendo hicho kurudisha hesabu. Mzazi hamfundishi mtoto mpaka ajue kuhesabu mpaka elfu bila kukosea. Mchezaji akitupa dadu kwa ajili ya uwezo huo sasa anautaja kwa jina hilo la Wenye Maji. Nimeona watu wakisimama kwenye viti.

Kuhusu majina, hapa tuna bahati. Sheria za 2014 zinasema baadhi ya vijana wa tiflingi hujichagulia jina la wazo, kama tumaini au huzuni, na kwa wachezaji wengi duniani hilo ni jambo geni. Kwetu mtaa mzima umejaa kina Subira, Tabu, Riziki, Mashaka na Majuto, na kila jina lina habari ya siku ile mtoto alipozaliwa. Itumie desturi hiyo kikamilifu. Wenye Maji hupewa majina ya mkataba: Dhamana, Muhula, Shahidi, Amana. Yule dada alimwita mhusika wake Muhula, akasema alizaliwa siku ambayo baba yake aliomba aongezewe muda. Sikumwambia mimi. Jina ndilo lililompa wazo hilo.

Sasa nieleze kosa langu kubwa, maana hili ndilo lililoniumiza. Katika kampeni ya pili niliweka soko ambapo pembe za Warehani husagwa kuwa dawa ya kuleta utajiri. Niliona ni wazo la kutisha, linalofaa hadithi. Mchezaji mmoja akanyamaza. Kikao kilipoisha akaniita nje, akaniambia ana mdogo wake mwenye ualbino, na kwamba kuna miaka nyumbani kwao mtoto hakuruhusiwa kwenda hata dukani peke yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi hapa nilikuja kupumzika."

Tunaishi nchi ambayo watu wamekatwa viungo kwa imani kama hiyo niliyoiandika kwa saa moja, nikinywa chai. Nilifuta soko lile kabla ya kulala, nikamwomba radhi siku ileile. Tangu siku hiyo, kabla ya kampeni kuanza namuuliza kila mchezaji peke yake, kwa ujumbe wa simu na si mbele ya wenzake, ni mambo gani asiyotaka kuyakuta mezani. Ukiandika watu ambao mwili wao ni alama, jua kwamba kwenye kiti kimojawapo anaweza kukaa mtu ambaye mwili wake, au wa ndugu yake, umewahi kuitwa alama. Sisemi uache giza kabisa. Vortigern alitaka damu ya mtoto kwa ajili ya mnara, na hadithi ile imedumu kwa sababu inasema kweli kuhusu wafalme. Lakini mtoto yule alipewa nafasi ya kusema, na pembe zangu hazikupewa.

Jambo jingine la kwetu: majini. Kwa wachezaji wengi hapa hao si wa kubuni. Mmoja wa rafiki zangu husoma dua kabla ya kuingia chumba kisicholaliwa, na namheshimu kwa hilo. Kwa hiyo situmii majina ya majini yanayotajwa katika uganga wa kweli, situmii aya wala maneno ya ibada, na aliye shimoni namwita Mwenye Shimo tu. Hakuna kilichopungua.

Siku hizi asili ya watu wapya haizidi ukurasa mmoja. Naandika jirani wanasema nini, bibi anasema nini, na palipo na pengo kati yao silizibi. Kule Mkavu pengo lilikuwa kuhusu deni lenyewe: je, linaisha? Mji unasema haliishi. Bibi wanasema linaisha polepole, na kila mtoto anayezaliwa bila pembe ni fungu moja lililolipwa. Na likilipwa lote, kisima kitakauka. Nililiandika hilo kwa mistari mitatu, nikawaachia wachezaji.

Kwenye kikao cha mwisho cha kampeni ya tatu, Muhula alirudi nyumbani akamkuta dada yake amejifungua. Mlangoni wamesimama wazee wa koo saba na taa zao, wanasubiri kuambiwa. Nikamwambia mchezaji: ndani mtoto hana pembe, bibi yako amejifunga khanga mdomoni ili kilio cha furaha kisisikike nje, na wewe ndiye wa kwenda kuwajibu wazee.

Alikaa kimya muda mrefu. Hakugusa dadu. Kisha akainuka, akaenda hadi kwenye mlango wa kweli wa sebule ile, akaufungua kidogo, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Pembe zipo, wazee wangu. Nendeni mkachote maji."