Maswali Yenu: Nyumba Ndogo za Ndege kwa Mti wa Krismasi

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru hadi Bungoma na karibu zote zinauliza jambo moja: vijumba vya ndege vya kutundika kwenye mti wa Krismasi. Tumechagua sita zilizotueleza wazi kilichoharibika, maana hapo ndipo tunaweza kusaidia.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa kanisa. Tunaunda kwa vijiti vya aiskrimu. Kuta zinakubali, lakini paa linatushinda: tukiliweka hivi, kileleni kunabaki ufa, tukilisogeza, upande mmoja unaning'inia kuliko mwenzake. Na tukitoboa mlango, ukuta unapasuka. – Akina mama, Lanet, Nakuru

Akina mama, paa lenu linaharibiwa na kitu kimoja tu: mmekata pande mbili zikiwa na urefu sawa. Kileleni, upande mmoja lazima upande juu ya ukingo wa mwenzake, kwa hiyo uwe mrefu zaidi kwa kiasi cha unene wa kile mnachoezekea. Mkitumia kartoni ya boksi yenye unene wa milimita 3, upande mmoja uwe milimita 34, wa pili 37. Basi, ufa umekwisha.

Vipimo vingine tunavipendekeza hivi. Kijiti cha kawaida cha aiskrimu kina urefu wa milimita 114, upana 10 na unene 2. Ukikata ncha zake za mviringo kinatoa kipande cha 55 na kingine cha 45. Vijiti viwili vinatosha ukuta wa mbele: vipande vya 55 vikae katikati, vya 45 pembeni, vyote vimelala bega kwa bega juu ya kartoni nyembamba ya boksi la sabuni au la nafaka iliyopakwa gundi nyeupe ya seremala. Mmepata ukuta wa upana wa milimita 40. Pimeni milimita 35 kutoka chini kila upande, chora mstari kutoka hapo hadi kilele cha 55, kisha kateni kwa hakso yenye meno madogo. Ukuta wa nyuma ni vivyo hivyo. Kila ukuta wa pembeni ni vipande vitatu vya 35 kutoka kijiti kimoja. Kimoja kati ya hivyo kitabaki na ncha yake ya mviringo. Kigeuzeni juu, paa litaificha. Jumla ni vijiti sita kwa nyumba, na sakafu ya kartoni. Kuta za pembeni ziingie kati ya ule wa mbele na wa nyuma, na paa liwe na urefu wa milimita 45 kutoka mbele hadi nyuma ili lipite ukuta kidogo pande zote mbili.

Vijiti vyenu vikiwa vyembamba kidogo na ukuta ukatoka milimita 38, msilazimishe vipimo vyetu. Chukueni nusu ya upana, mzidishe kwa 1.41, kisha mwongeze milimita 6 za kuning'inia. Hiyo ndiyo 34 yetu ilikotoka.

Sasa mlango. Ukuta wenye vipande vinne una kiungo katikati kabisa, na mlango unakaa juu ya kiungo hicho. Ncha ya drili inapofika pale hukuta kingo mbili zisizoshikana, inazinyanyua, na mbao inachanika kufuata nyuzi zake. Kwa hiyo msitoboe kabla ya gundi kukauka juu ya kartoni. Wekeni ukuta chini ya kitabu kizito kwa saa nzima, uwekeeni ubao chakavu kwa chini, anzeni kwa ncha ya milimita 2, ndipo mpanue kwa ya milimita 8, mkisukuma polepole. Kitovu cha tundu kiwe milimita 28 kutoka chini. Kijiti cha kutua ndege ni kipande cha kijiti cha meno cha milimita 18, kikiingia katika tundu dogo lililo milimita 16 kutoka chini. Msiongeze ukubwa wa mlango kwa sababu eti hauonekani vizuri. Mlango mkubwa ndio unaofanya nyumba ya ndege ionekane kama kibanda cha mbwa. Kama mnataka uonekane, upakeni weusi kwa ndani.

Asiye na drili achukue karatasi nyeusi na panchi ya ofisini. Kiduara kinachodondoka kina milimita 6, na kikibandikwa mahali pa mlango, mtu aliye hatua mbili kutoka mtini hatatambua.

Niliezeka kwa mafunjo niliyoyapata Dunga. Yalipendeza siku mbili, ya tatu yakaachana na kuacha mapengo, na ndani kuna harufu ya ukungu. – Fundi kijana, Nyalenda, Kisumu

Ndugu, uliezeka mafunjo mabichi. Bua la funjo limejaa uboho mweupe unaonyonya maji kama sifongo. Likikauka linasinyaa, na gundi haiwezi kulizuia. Lile lisilokauka ndilo lililoota ukungu.

Chambua ganda la kijani la nje kwa kisu na uboho uutupe wote. Pasua ganda kuwa mikanda ya upana wa milimita 3, uianike kivulini penye upepo. Jua kali la Kisumu hukausha haraka mno, mkanda unajikunja kama kamba na hutaunyoosha tena. Utajua umekauka ukiukunja: ukivunjika kwa sauti, tayari, ukipinda kimya, bado.

Kuezeka kunaanzia chini kwenda juu, kama nyumba ya nyasi au ya mabati. Kata mikanda ya milimita 15, paka gundi nyembamba kwenye kartoni, panga safu ya kwanza ikipita ukingo wa chini kidogo. Safu ya pili ifunike nusu ya ile ya kwanza, na kuendelea. Safu nne hadi tano hufika kileleni, kulingana na unavyozibana. Kilele kifunike kwa mkanda mmoja mpana uliokunjwa ukiwa na unyevu kidogo, ushikwe kwa kibanio cha nguo mpaka ukauke. Kingo zipunguze kwa mkasi mwishoni kabisa. Rangi ya kijani itageuka kuwa ya majani makavu, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo nzuri zaidi kwenye mti. Usiipake vanishi inayong'aa.

Watoto wa Gredi ya 4 wanataka mti wa ndege wa kwetu, na heroe lazima awepo. Je, tumkalishe kwenye kile kijiti cha mlangoni? – Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, hapana, na tunafurahi umeuliza kabla. Heroe haingii tundu wala hakai kijitini. Kiota chake ni kichuguu cha matope chenye kibonde juu, na humo hutaga yai moja. Wale wa aina ndogo wanaofika Ziwa Nakuru huja kula mwani; kuzaliana kwao katika Afrika Mashariki hufanyika hasa Ziwa Natron, Tanzania. Basi wafundishe watoto kuunda kichuguu hicho, kitakuwa pambo la pekee katika mti wote.

Loweka trei moja ya mayai ya karatasi usiku kucha, iponde, ikamue mpaka maji yasidondoke, kisha changanya vikombe vitatu vya rojo na kimoja cha gundi nyeupe. Kila mtoto afinyange rojo hilo juu ya kipira kidogo cha karatasi ya foili ya kufungia chakula, unene usizidi milimita 5, kitako milimita 35, juu 20, kimo 30. Kikifinyangwa kikiwa kizito bila kitu ndani, nje hukauka kwanza na kubana, ndani kungali kubichi, na hapo nyufa hutokea. Siku mbili au tatu zinatosha kukikausha. Kitanzi cha waya kiingizwe kabla ya kukauka. Heroe mwenyewe akatwe kwenye kartoni, apakwe rangi ya waridi iliyopauka, miguu iwe ya waya mwembamba.

Kwa ndege wengine fuateni tabia zao vilevile. Kwera husuka, kwa hiyo msimjengee nyumba ya mbao: zungusha uzi wa katani uliolowa gundi juu ya puto dogo lililopulizwa kufikia ukubwa wa yai, acha mlango upande wa chini, likikauka litoboe puto ulitoe. Kasuku wa kijivu wa msitu wa Kakamega hutaga ndani ya tundu la mti. Kipande cha tawi la saiprasi cha sentimita 5, pamoja na ganda lake, kikitobolewa tundu moja kinamtosha.

Mti wetu ni wa saiprasi. Matawi yameinama mpaka chini na vijumba vinatazama sakafu. – Baba wa familia, Kakamega

Mzee, tawi la saiprasi ni laini nchani. Haliwezi kubeba plaiwudi nene wala kibuyu kizima. Nyumba ya vijiti sita tuliyoieleza hapo juu haifiki gramu 20, na huo ndio uzito tunaoushauri kwa nusu ya nje ya tawi. Kilicho kizito zaidi kikae karibu na shina.

Kutazama sakafu ni shida nyingine. Uzi umebandikwa mbele ya kitovu cha uzito au nyuma yake. Toboa tundu kileleni, fungia uzi kwenye kipande cha kijiti cha meno cha milimita 20 kwa ndani ili kizuie kama kifungo, kisha, kabla ya kugandisha paa, liweke juu ya kuta na uinue nyumba ukishikilia uzi. Ikiinama mbele, tundu lisogeze mbele milimita mbili. Uzi uliobandikwa kwa gundi tu juu ya paa utang'oka, hasa ukiwa wa gundi ya moto, ambayo hulegea nyumba zikiachwa ndani ya gari juani.

Mti wenyewe ukate sentimita 2 kitakoni, uusimamishe kwenye ndoo ya mawe na maji, na uongeze maji kila siku. Mti uliokauka huinamisha matawi hata bila mapambo.

Mapambo ya mianzi ya mwaka jana yana unga mweupe chini ya boksi. Niyapanguse niuze? Na mapya niyapake rangi gani? – Muuzaji, Bungoma

Usiyauze, dada. Unga huo ni kazi ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao na mianzi. Wadudu hao hupenda wanga ulio ndani ya mianzi, na mwanzi mchanga una wanga mwingi kuliko uliokomaa. Yenye matundu mengi yachome. Yenye machache yafunge kwenye mkebe wenye kifuniko na uuweke katika friza kwa wiki mbili, kisha uzibe matundu kwa nta au gundi. Ukiona unga mpya baada ya hapo, umechelewa. Mwaka huu tafuta mianzi ya miaka mitatu au zaidi, chemsha vipande kwa nusu saa, uvikaushe kabisa kabla ya kupaka rangi.

Kuhusu rangi, kwa kuwa umeuliza pia: ya maji, tabaka mbili nyembamba, na msasa namba 240 katikati. Tabaka la kwanza husimamisha nyuzi za mbao na kufanya uso uwe na vinyweleo. Anayeruka msasa hapo hawezi kuurekebisha kwa tabaka la tatu.

Krismasi ikiisha, naweza kuvitundika nje kwenye mpera ndege waingie? – Mwanafunzi, Siaya

Hapana, mwanangu. Mlango wa milimita 8 haupitishi hata shomoro, na gundi nyeupe huachia ikinyeshewa. Ukitaka nyumba ya kweli, anza na ubao wa unene wa milimita 15, sakafu ya sentimita 12 kwa 12, na matundu manne madogo sakafuni ya kutoa maji. Mlango uwe milimita 32 kwa shomoro. Kwezi wanahitaji 45 hivi. Usiipake rangi ndani, na kile kijiti cha mlangoni kiache kwenye mapambo: ndege anayetaga ndani ya tundu hakihitaji, ila paka atakishukuru. Itundike kimo cha mita 3, mlango usielekee upande mvua inakotoka.