Maswali ya Wasomaji: Kuhamishia Picha kwenye Tanga na Mbao

SWALI: Assalaam alaikum. Ninatengeneza kolaji kwa vipande vya tanga kuukuu la marudufu na mbao zilizobanduliwa kwenye jahazi bovu. Nilitaka kuhamishia hapo picha ya bibi yangu akiwa amejitanda kanga, lakini nilipoilowesha karatasi ili niisugue, wino wote ulichuruzika. Jaribio lililofuata lilishika, ila jina la kanga lilisomeka kinyume na uso ukafunikwa na ukungu mweupe. Nifanyeje? (Msomaji wa Langoni, Lamu)

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Kuchuruzika kwa wino kunatokana na mashine iliyotumika. Printa nyingi ndogo za nyumbani hunyunyiza wino wa majimaji, ambao mara nyingi huyeyuka tena ukikutana na maji, ilhali mashine za fotokopi na printa za leza hutumia wino wa unga, yaani chembe za plastiki zilizotiwa rangi, ambazo joto la mashine huziyeyusha hadi zikashikamana na karatasi. Maji hayaidhuru plastiki hiyo, na ndiyo maana karatasi inaweza kusuguliwa ikatoka huku picha ikibaki imenaswa na jeli ya akriliki, ule uji mzito wa wasanii unaokauka ukawa plastiki angavu. Picha yenyewe ya bibi yako irudishe kabatini, kwa kuwa haina mbadala, na utumie nakala ya leza iliyotolewa kwenye karatasi nyembamba ya kawaida isiyong'aa. Mwambie mwenye duka aigeuze kwanza picha kwenye kompyuta, kushoto kuwe kulia, kwani kila kinachohamishwa kwa kulazwa kifudifudi hutokea kinyume. Hapo jina la kanga litasomeka sawasawa.

Sasa tuje kwenye tanga na mbao, ambako ndiko kazi nyingi huharibikia. Tanga lililokaa baharini limejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo lifue kwa maji baridi ya kisima au ya mfereji mara kadhaa, kisha ulianike hadi likauke kabisa. Mbao za jahazi huenda zilipakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, kwa miaka mingi, na jeli haishiki juu ya mafuta. Zipige msasa hadi ufikie mti mkavu. Kumbuka pia kwamba mashine hizi hazichapi rangi nyeupe. Weupe wa picha ni weupe wa karatasi, na karatasi ikiondoka, mahali hapo huonekana rangi ya kilichoko chini, kwa hiyo uso wa bibi yako utamezwa na mbao nyeusi usipotanguliza rangi nyeupe ya akriliki. Mimi ningeipaka pale tu uso utakapokaa, ili pembeni mti wa jahazi uendelee kuonekana, maana umri wake ni sehemu ya kazi yako.

Paka jeli tabaka moja lililo sawa, laza nakala kifudifudi, kisha ikandamize kwa ukingo wa kadi ya plastiki kuanzia katikati kwenda nje ili hewa itoke. Iache ikauke usiku kucha au zaidi, na wakati wa masika uiongezee siku nzima, kwa sababu jeli hukauka kwa kupoteza maji na hewa yetu ya pwani huwa imeshiba unyevu. Ikisha kukauka, lowesha karatasi kwa sponji, ngoja ilainike, na uisugue kwa ncha za vidole bila kutumia nguvu.

Ukungu ulioona ni nyuzi za karatasi zilizosalia. Zikilowa hupotea machoni na zikikauka hurudi, kwa sababu hewa iliyo kati yake hutawanya mwanga. Usilazimishe kuzimaliza kwa mkupuo mmoja, kwani utaichubua picha. Iache ikauke, lowesha tena, sugua tena, kisha upake tabaka jembamba la jeli, ambayo itaijaza mianya hiyo na kuufifisha ukungu uliobaki. Gundi nyeupe ya seremala nayo hunasa picha, lakini nyingi hulainika zikipata unyevu, na kwa kazi itakayotundikwa Lamu siipendekezi.

SWALI: Ninafundisha sanaa Malindi. Je, asetoni, kimiminika kinachotumika pia kuondolea rangi ya kucha, inafaa kwa kuhamishia picha kwenye karatasi ya kuchorea? (Mwalimu)

JIBU: Inafaa, Mwalimu, nayo huacha alama nyepesi inayofanana na mchoro wa penseli. Msanii wa Marekani Robert Rauschenberg alitumia kimiminika cha kuyeyushia wino kuhamisha picha za magazetini alipotengeneza michoro yake 34 ya Jahanamu, shairi la Mwitaliano Dante, kati ya 1958 na 1960. Laza nakala ya leza kifudifudi, pitisha mgongoni pamba iliyolowa kidogo, kisha usugue mara moja kwa mgongo wa kijiko, kwani asetoni huruka upesi. Hata hivyo, mvuke wake hushika moto kwa urahisi sana na hudhuru ukivutwa kwa wingi, kwa hiyo ifanye wewe mwenyewe barazani penye upepo, mbali na jiko na sigara, na wanafunzi wadogo uwaachie jeli. Pamba zilizolowa zianikwe nje zikauke kabla ya kutupwa.